Taa za Mbele za Gari Kuukuu: Somo Ambalo Mwari Hapewi



Tunapomuandaa mwari, humpa maneno mengi. Hufundishwa singo na udi, namna ya kumpokea mume, namna ya kukaa na mawifi, na sanduku lake hupangwa mpaka kanga ya mwisho. Siku hizi wengi wanaingia kwenye ndoa na gari, au wanapata gari kabla mtoto wa kwanza hajatambaa. Lakini juu ya gari hiyo mwari hafundishwi kitu. Huambiwa tu, "Hayo mwachie mumeo." Leo nataka tuzungumze kitu kimoja cha gari, nacho ni taa za mbele, kwa sababu hicho ndicho kitu ambacho kikiharibika hakikudhuru peke yako.

Mimi ni mtoto wa Unguja, lakini kwa sasa makazi yangu ni Mpepai, Mbinga, mkoani Ruvuma, ambako mume wangu anafanya kazi. Kwa msiopajua, hapa ni nchi ya milima, nchi ya Wamatengo. Wenyewe hulima kwenye miteremko kwa mashimo yao ya ngoro, na kahawa imepandwa kila unapotazama. Baridi ya mwezi wa sita na wa saba itakufanya uikumbuke fukwe ya Nungwi kwa machozi. Na kuna ukungu. Unatoka ndani alfajiri huuoni mti ulio mbele ya mlango wako. Ukishika barabara ya Mbinga kuteremka Mbamba Bay, yapata kilomita 66, unatoka kwenye ukungu wa milimani unaingia joto la Ziwa Nyasa, kona juu ya kona. Usiku, ukishatoka mjini, mwanga ulio nao ni ule uliobeba mwenyewe.

Gari yangu ni Toyota RAV4 ya mwaka 2003, iliyokuja kutoka Japani ikiwa imeshatumika, kama zilivyo nyingi zetu. Niliinunua kwa mahari yangu na akiba yangu ya biashara ya mashuka. Nalisema hili kwa ajili ya mabibi harusi. Mahari ni haki yako na unaiweka utakapo. Lakini ukiiweka kwenye dhahabu, dhahabu haizeeki. Ukiiweka kwenye gari, gari inazeeka, na mali inayozeeka inataka mwenyewe aijue. Mume kukusaidia ni ihsani kubwa, lakini swali la fundi litakujia wewe: "Mama, tufanyeje?"

Hapa kijijini gari moja usiku ni gari ya kila mtu. Juni ya mwaka juzi jirani yetu alibisha hodi saa nane za usiku. Mkewe ameshikwa na uchungu, pikipiki haziwezekani, na mume wangu alikuwa Songea kikazi. Nilivaa buibui langu, nikawasha gari. Mgonjwa alikaa nyuma na mama mkwe wake, jirani akakaa mbele pamoja nami. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka chini, na taa zangu mbili zilikuwa kama vibatari. Nikiwasha fulu, ukungu wote unakuwa ukuta mweupe. Nikirudi dimu, mwanga hauchukui hata hatua chache. Penye karavati, jirani alishuka akatangulia kwa miguu na tochi ya simu ili nijue barabara inaishia wapi. Yule mama nyuma alikuwa hapigi kelele, anavuta pumzi tu, na mimi nilikuwa nasoma kila dua ninayoijua. Tulifika hospitali ya Mbinga, na kabla ya jua kutoka alizaliwa mtoto wa kike, mzima. Alhamdulillah. Lakini hatua zile za karavati ziliniingia moyoni. Taa hazikuwa zimekufa. Zilikuwa zinawaka zote mbili. Ukiziangalia mchana kwa mbali ungesema zipo sawa.

Hapo ndipo shida ya taa inapoanza. Globu ikifa unajua siku hiyo hiyo. Taa inayofifia hufifia kidogo kidogo, jicho linazoea, na dereva hana habari. Na kumbukeni hesabu hii: gari ikienda kilomita 60 kwa saa, kila sekunde inakata karibu mita 17. Mwanga ukifika mita 30 tu, una sekunde mbili hivi za kumuona mtu, kushtuka, kukanyaga breki na kusimama. Hazitoshi.

Basi asubuhi ile nikapata mawaidha matatu. Mume wangu aliniambia kwa simu, "Mke wangu, tutie globu za LED, zinauza kila mahali, nyeupe kama mchana." Shemeji yangu aliyeko Sharjah, ambako kuna masoko makubwa ya spea za magari yaliyotumika, akasema, "Shemeji, usihangaike. Nitakutumia taa mbili nzima, safi, ni zawadi yangu." Na fundi umeme wa magari pale Mbinga mjini, mzee mmoja mtaratibu, alisema, "Mama, kabla hujanunua kitu, tuulize kwanza umeme unafika?"

Nilianza na la fundi, kwa sababu lilikuwa swali, na hayo mengine yalikuwa majibu.

Aliwasha gari, akawasha taa, akapima umeme kwenye betri: volti 14. Kisha akachomoa plagi ya nyuma ya globu kidogo tu, akapima pale pale taa ikiwa inawaka: volti 12 na kidogo. Umeme karibu volti mbili unapotea njiani. Mtasema volti mbili ni kitu gani? Kwa globu za kawaida za halojeni ni kitu kikubwa sana. Umeme ukipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa karibu asilimia 30. Kwangu mimi zaidi ya theluthi ya mwanga ilikuwa haitoki kabisa, na wala globu haina kosa. Kosa lilikuwa kwenye waya wa ethi, ule unaofungwa kwa bolti kwenye bodi ya gari. Bolti ilikuwa imeota kutu na waya umelegea. Akaifungua, akasugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akafunga tena na kupaka grisi kidogo. Akasafisha na soketi zenyewe, moja ilikuwa imeanza kuungua rangi. Nyinyi mlioko kisiwani lichukueni hili kwa uzito, maana hewa ya chumvi inakula ethi na soketi kabla haijala bodi.

Cha pili ni globu. Gari yangu inatumia ile iitwayo H4, yenye nyuzi mbili ndani ya globu moja. Wa fulu ni wati 60 na wa dimu ni wati 55. Globu ikizeeka kioo chake hufanya weusi kwa ndani na mwanga hupungua muda mrefu kabla haijakatika. Fundi alibadilisha zote mbili kwa pamoja, kwa sababu zimezaliwa siku moja na umri wao ni mmoja, na ukibadilisha moja gari inakuwa na jicho moja kali na jingine lenye usingizi. Alizishika kwa kitambaa safi. Mafuta ya vidole yakibaki kwenye kioo, pale mahali panapata moto kuliko kwengine, na globu mpya inakufa mapema. Dada zangu wenye mikono ya mafuta ya nazi na hina mbichi, mnanielewa.

Dukani walitaka kuniuzia za wati 100. Fundi alikataa kwa niaba yangu. Waya na soketi za gari hazikupimwa kwa moto huo. Plastiki huyeyuka, na ule mng'ao wa fedha ulio ndani ya taa huungua. Jozi ya kawaida niliipata kwa pesa ambazo zisingenunua doti mbili nzuri za kanga.

Cha tatu ni kile ambacho kila mtu hukiona kwanza, yaani kioo cha taa kilichokuwa manjano. Tunaita kioo, lakini kwenye magari ya miaka hii ni plastiki ngumu iitwayo polikaboneti. Kiwandani hupakwa ngozi nyembamba ya kuikinga na jua. Miaka ikipita ngozi ile inachakaa, plastiki inageuka manjano na kuwa na ukungu, na mwanga ukitoka unatawanyika badala ya kwenda mbele. Hapo ndipo mtu anakwambia, chukua dawa ya meno. Dawa ya meno inafanya kazi kidogo, kwa kuwa ina chembe za kusugua. Lakini inasugua tu, haiachi kinga. Wiki chache za jua na umanjano umerudi, na mara hii haraka zaidi, kwa sababu hata kile kilichokuwa kimebaki umekiondoa.

Njia ya sawa ni hii, na unaweza kuifanya nyumbani mchana mmoja. Osha taa kwa maji na sabuni, ikauke. Bandika utepe wa karatasi pembeni usiharibu rangi ya gari. Sugua kwa msasa wa maji, anza na namba 1000, uendelee na 2000, umalize na 3000 ukiupata, huku ukimwagia maji wakati wote. Usistuke ukiona taa imekuwa nyeupe kama maziwa. Ndivyo inavyotakiwa, na kila msasa mwembamba unaondoa mikwaruzo ya ule uliotangulia. Kisha ipake polishi kwa kitambaa laini mpaka uone ndani. Na mwisho, hapa ndipo wengi wanapoacha, ipake dawa maalumu ya kuikinga plastiki na jua. Bila ya hiyo umefanya kazi ya kupendeza kwa muda mfupi. Mimi na wifi yangu tulifanya ya kwangu kibarazani, tukimaliza na birika la chai ya tangawizi, na fundi alitukagua akasema tungemtoa kazini.

Lakini si kila taa inasuguliwa. Angalia ndani. Ukiona ule mng'ao wa fedha umebanduka au umekuwa mweusi, hakuna msasa unaoufikia, taa hiyo ni ya kubadilishwa. Ukiona mvuke kidogo asubuhi ya baridi na ukaondoka taa ikipata joto, usihangaike. Ukiona maji yametuama, tafuta yanapoingilia: mpira wa nyuma ya globu umepasuka, au kuna ufa. Yakaushe kwanza ndipo uzibe. Ukiziba juu ya maji, umeyafungia ndani yale yale yanayokula fedha ya taa.

Sasa turudi kwa zawadi ya shemeji, maana hili liliniumiza kichwa kuliko waya. Kukataa mkono wa ndugu si jambo dogo, nanyi mnajua maneno yanavyosafiri katika familia. Ila kuna jambo ambalo wengi wetu tunaonunuliwa spea kutoka Ghuba hatulijui. Taa ya dimu haimulikii sawa pande zote. Upande mmoja mwanga hukatwa chini, usimpige machoni anayekuja, na upande wa pili hupandishwa ili umuone mtu wa miguu pembeni ya barabara. Sisi Tanzania, bara na visiwani, kama wenzetu wa Kenya na Uganda, tunaendesha kushoto, kwa hivyo mwanga unapanda kushoto. Emirati na Oman wanaendesha kulia, na taa za magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya huko hupandisha mwanga kulia. Ukiifunga hapa, itaingia vizuri, bolti zitakaa, itang'aa, na kila unayepishana naye utakuwa unamtia upofu, huku pembeni kwako anakopita mwanafunzi na mama mwenye kuni pakiwa giza.

Nilimpigia shemeji, nikamshukuru kwanza, nikamuuliza hali na watoto. Kisha nikamueleza, nikamuomba zawadi nyengine: ile dawa ya kukinga plastiki na jua, iliyokuwa shida kuipata huku. Alicheka akasema, "Shemeji, umekuwa fundi!" Ikaja na msafiri, chupa mbili, moja ikaenda kwa dada yake Unguja. Hakukuwa na kinyongo. Mtu akikataliwa kwa elimu na kwa adabu, haumii kama akikataliwa kwa kiburi.

Na za mume wangu, za LED? Tulikaa tukazungumza, hatukugombana. Fundi alituonyesha globu ya H4 mkononi. Chini ya uzi wa dimu kuna kikombe kidogo cha chuma, kinachozuia mwanga usiende pasipotakiwa. Taa nzima imechongwa kwa kufuata mahali uzi ule ulipo. Ukitia LED ndani ya taa iliyotengenezwa kwa halojeni, chanzo cha mwanga mara nyingi hakikai pale pale, na mwanga unamwagika juu. Wewe uliye ndani unaona kweupe mbele ya pua ya gari na unafurahi, lakini huko mbali hukuoni zaidi, na anayekuja amefumba macho. Mume wangu alijaribu jozi ya rafiki yake mbele ya ukuta wetu, akaona mwenyewe mwanga umepanda mpaka kwenye bati. Akasema, "Basi, mke wangu, zirudi kwa mwenyewe." Gari zilizotoka kiwandani na LED ni habari nyengine, taa zake zimeumbwa kwa hiyo.

Huo ukuta ndio fundi wa bure alionao kila mtu. Ukishabadilisha globu au taa, egesha gari mahali palipo sawa, mita 10 kutoka ukutani, matairi yakiwa na upepo wake, na mtu mmoja amekaa kiti cha dereva. Pima urefu kutoka chini mpaka katikati ya taa, tia alama ya chaki ukutani kwa urefu huo. Washa dimu. Ukingo wa juu wa mwanga uwe chini ya alama kwa kama sentimita 10, na kule unakopanda uwe kushoto kwako ukiwa umekaa ndani. Nyuma ya taa kuna skrubu za kupandisha na kushusha, zizungushe taratibu. Na mkipakia bwana, watoto, mashangazi na masufuria ya biriani nyuma kwenda harusini, jueni gari inainua pua na taa zinainuka nayo. Gari nyingi za Japani zina kitufe kidogo karibu na usukani cha kushusha taa wakati wa mzigo. Kitafuteni, wengi wanacho na hawajawahi kukigusa.

Tangu matengenezo yale nimeshapita njia ile ya karavati usiku mara kadhaa, na wagonjwa wengine, na mara moja na bibi harusi tuliyemchelewesha saluni. Ukungu wa Mbinga haujapungua. Lakini nikiwa kwenye dimu naona ukingo wa barabara, na hakuna tena anayelazimika kunitangulia kwa miguu.

Kwa mabibi harusi, nawaachia haya ya kufanya kila mwezi, hayachukui hata muda wa kukauka hina. Washa taa jioni mbele ya ukuta, linganisha kulia na kushoto. Pangusa vioo. Tazama ndani kama kuna maji. Mwenzako asimame nyuma, aangalie taa za breki. Ukiwa njiani kwenye ukungu, baki dimu na upunguze mwendo, kwa kuwa fulu hurudi machoni mwako mwenyewe. Na ukiona gari inakuja, shusha taa mapema, usingoje akupigie yeye kwanza.

Tumefundishwa kuwa kuondosha udhia njiani ni katika imani, na wengi tunafikiria mwiba na jiwe. Mwanga unaompofusha mwenzako kwenye kona ni udhia vilevile, na kuushusha ni kugusa tu kijiti kilicho pembeni ya usukani. Huyo mwenye baiskeli anayekuja upande wa pili hatakujua jina wala hataiona sura yako gizani. Atajua tu kwamba aliyepita alimuachia njia aione.

Allah awafikishe salama mnakokwenda, na awape nyumba zenye nuru. Wassalaam alaykum.